Refa Hakupiga Filimbi

Jumamosi, tarehe saba Februari. Jua limewaka tangu asubuhi kama la Kigoma, lakini ni jua la uongo. Nilipotoka kutupa taka matundu ya pua yaliganda. Theluji ya wiki iliyopita imekauka, ukiikanyaga inalia kama unga wa muhogo unaposhindiliwa kwenye gunia. Upepo unatoka upande wa mto.

Leo nimemwona Refa. Nimesema nitaandika habari zake nyingi, si za leo tu, maana nikiandika za leo peke yake nitakuwa nimemwonea. Niliishia darasa la sita, shule ya kambini, na hilo la sita lenyewe lilikatika katikati. Nikichanganya ya mbele na ya nyuma, ni uwezo wangu umeishia hapo.

Sisi tuliopitia kambi ya Kigoma tunamwita Refa kwa sababu ndiye aliyechezesha mpira kule. Waliokuja moja kwa moja kutoka Bukavu, Kongo, walijaribu kumwita kwa Kifaransa, *arbitre*, haikushika. Hapa Minnesota hata mchungaji anamwita Refa, hata daktari wake wa meno. Jina lililo kwenye leseni yake nimeliona mara moja, na nitaeleza ni siku gani.

Filimbi yake haina kipunje ndani. Kilidondoka zamani, kwa hiyo filimbi haiimbi, inafoka tu, fyuuu, kama sufuria ya presha. Mama Wambui alimnunulia mpya ya chuma. Huyu Mama Wambui ni Mkenya, anauguza wazee, na gari lake ndilo lililokuwa likitubeba wote. Refa aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaifungia kabatini. "Hii inapiga kelele," alisema. "Yangu inasema." Kwenye mfuko wa shati alikuwa na kadi ya njano aliyoikata kwenye mfuniko wa siagi. Nyekundu hakuwa nayo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mtu aliyefukuzwa nchini kwake ameshaoneshwa nyekundu, ya pili itakuwa uonevu.

Hiyo ya njano aliitumia. Siku moja mchungaji alihubiri hadi watoto wakalala chini ya viti. Refa, kutoka benchi la nyuma, alisimama kimya, akainua kadi, akaketi. Kanisa zima liligeuka. Mchungaji akasema, "Refa, dakika za nyongeza." Refa akamwonesha vidole vitatu. Zilipokwisha tatu mchungaji alisema amina, na mpaka leo sijui kama alikuwa amemaliza.

Alikuwa na misemo miwili. Wa kwanza: mstari hauna ndugu. Theluji ilipoanguka alikuwa akisafisha njia ya mbele ya mlango wake mpaka kwenye ufa wa saruji unaomtenga na jirani, hapo anasimama kama aliyefika ukutani. Jirani yake alikuwa bibi wa Kizungu anayetembea na kitoroli cha kujishikia. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilisema moyoni, huyu mzee ni katili. Baada ya nusu saa alitoka tena amevaa koti jingine, akasafisha upande wa bibi mpaka barabarani. Nikamuuliza kwa nini asimalize yote kwa mara moja. "Ile ya kwanza ni kazi," akasema. "Hii ni matembezi." Hilo koti la pili ndilo lililonishinda kuelewa. Labda alitaka ionekane ni mtu mwingine.

Msemo wa pili nitausema mbele kidogo, maana ndio wenye maumivu.

Lazima niseme na yasiyopendeza. Mpira wa runingani hakuwahi kukubaliana na refa hata mmoja. Aliwatukana mpaka mke mwenzangu wa benchi kanisani, yaani mama ninayekaa naye, alimkataza kuja kwake Jumapili. Alikuwa mkali kwa vijana wasiojua Kiswahili. Wakimjibu kwa Kiingereza aliwaambia, "Sijasikia, kuna upepo," hata ndani ya nyumba. Na neno samahani sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Kambini aliwakuta wanaume wanacheza karata za pesa nyuma ya kisima, akazichukua na kuzichana mbele yao, vipande vipande. Wiki iliyofuata aliwanunulia pakiti mpya kwa pesa yake, akawapa bila neno. Walipoanza kucheza nazo, alizichana tena, na hizo hakuzilipa. Alisema hizo zilikuwa zake.

Kamari aliichukia hivyo. Na hapa riziki yake ilikuwa kufagia baa.

Ni baa iliyo karibu na daraja, katika mji wetu huu mdogo wa pembeni. Alikuwa akiingia saa moja asubuhi, watu hawapo. Alichokikuta sakafuni kila siku ni vikaratasi. Ni vya karatasi ngumu kidogo, vina vidirisha vya kupasua, na ndani mna picha: malimau, kengele, farasi. Picha zikilingana umeshinda. Zisipolingana unatupa chini na kununua kingine. Aliniletea lundo kwenye mfuko wa nailoni. "Tazama, Mama Neema. Majani ya mti wa wajinga. Kila usiku unapukutika, kila asubuhi nafagia, na haujawahi kuisha majani."

Mimi nilidhani mwenye baa ndiye anayefaidi. Refa akaulizia, akarudi ameshangaa. Kumbe sheria ya hapa inasema vikaratasi hivyo vinauzwa na vyama vya hisani tu. Kwenye ile baa kile kibanda cha pembeni ni cha chama cha watoto wanaocheza mpira wa barafu, ule wa kuteleza kwa viatu vya chuma. Faida ndiyo inayolipa kiwanja chao, viatu vyao, na wenzao wasio na kitu.

"Yaani mlevi anapoteza, mtoto anateleza," alisema Refa. Alilirudia siku nyingi, na sikuweza kujua kama analaumu au anasifu. Nadhani na yeye hakujua.

Sasa ukumbi.

Majira ya baridi mawili yaliyopita, Refa alikwenda mwenyewe kwa msimamizi wa ukumbi wa michezo wa mji, akiwa na maneno kama ishirini ya Kiingereza na hiyo filimbi, akarudi na saa mbili za kila Jumamosi asubuhi, bure. Hakuziomba kwa ajili ya mpira. Alizitaka kwa ajili ya bibi zetu. Mtu asiyeishi hapa hataelewa. Bibi aliyelima mlima mzima huko Fizi, hapa kuanzia Novemba mpaka Aprili anakaa kwenye kochi, kwa sababu nje ni kioo, na mfupa wake hauvumilii kioo. Mama mkwe wangu alikuwa ameanza kunyamaza. Alikuwa hajakasirika, maneno tu yalikuwa yanamwisha. Alipoanza kwenda ukumbini, akawa anatembea kwa kuzunguka ile mistari ya mpira wa kikapu, Refa amesimama katikati akihesabu mizunguko kwa sauti, na akina mama vijana upande wa pili wanarusha mpira wa wavu. Maneno yakarudi. Jumamosi jioni alikuwa akitusimulia kila kitu, nani kachoka, nani kavaa viatu vya mjukuu.

"Bibi, usikanyage mstari!"

"Nikikanyaga?"

"Mzunguko hauhesabiwi."

"Basi nitatembea juu yake wote, tuone utahesabu nini."

Wakacheka mpaka yule msimamizi akaja kuchungulia.

Siku moja Mama Wambui na mama mmoja wa Uvira walizozana juu ya mpira uliotoka. Mmoja alimsukuma mwenzake kidogo. Sote tulimwangalia Refa. Hakupiga filimbi. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, kama mtu anayesukuma mlango, na mchezo ukaendelea, na baada ya dakika moja wale wawili walikuwa wanapongezana. Ndipo aliposema msemo wake wa pili: faida ikionekana, acha mchezo uende. Alitueleza kwamba mtu akichezewa vibaya lakini mpira bado uko mguuni kwa wenzake, refa mzuri ananyamaza. Akipiga filimbi anamwadhibu aliyeumizwa.

"Na mpira ukipotea?" niliuliza mimi.

"Ana sekunde mbili tatu za kurudisha. Zikipita, zimepita."

Tukacheka. Nimeandika hapa kwamba tulicheka, maana ni kweli.

Halafu likaja tangazo. Halmashauri ya mji ilitaka vyama vyote vinavyouza vikaratasi katika mji huu vitoe sehemu ya faida kwa mji, iwekwe kwenye mfuko wa kulipia kumbi na viwanja vya wote. Msimamizi alituambia kwa upole kwamba saa zetu za bure zinakwisha. Tukitaka kuendelea, tuombe kwenye mfuko huo. Tangazo lilikuwa limefasiriwa kwa lugha zetu, nadhani na mashine. La Kiswahili lilisema hivi: *Kodi ya michezo ya hisani kwa ajili ya michezo ya jamii.* Tulilisoma mara nne. Refa akauliza, "Wanatoza kodi michezo ili walipie michezo?" Mama Wambui akatueleza kwamba ile michezo ya kwanza ni kamari, ya pili ni michezo.

Naomba neno hilo likumbukwe. Mimi nililishika hivyo: kwenye karatasi za mji, mchezo ni kamari.

Kikao kilikuwa mwezi wa tatu mwaka jana, saa kumi na mbili jioni. Mama Wambui ndiye aliyekuwa atafsiri. Saa kumi na moja na nusu akanipigia simu: "Aki Mama Neema, nimekwama job, mtu wa kunipokea hajakuja, siwezi kuacha wagonjwa. Tafsiri wewe. Ni maneno kidogo tu." Kiingereza changu ni cha kufulia nguo katika nyumba ya wazee: shuka, maji moto, wapi kunauma. Nilipaswa kukataa. Refa alikuwa amevaa suti.

Wa chama cha barafu walizungumza kwanza. Nitawatendea haki. Alisimama baba mmoja mwenye jaketi jekundu, akasema wao hukaa kwenye vile vibanda Jumamosi zao, wakinuka moshi wa jiko la baa, ili watoto wasio na uwezo wapate viatu. Mji ukichukua sehemu, kuna watoto wataambiwa wakae nyumbani. Hakuwa mtu mbaya.

Kisha wakamwita Refa. Alisimama wima kama anasubiri wimbo wa taifa. Alisema kwa Kiswahili, na nayaandika alivyosema, kwa sababu ndiyo maneno mazuri kuliko yote niliyosikia hapa Marekani, na hakuna aliyeyasikia:

"Waheshimiwa, sikuja kumnyang'anya huyu baba barafu yake. Sisi wageni wenu tuna jambo letu, tunaliita mchezo. Kila mwezi kila mtu anatoa kidogo, mmoja anapokea chote. Mwezi ujao anapokea mwingine. Hakuna anayepoteza, kuna anayesubiri tu. Basi na ninyi fanyeni mchezo. Mwaka huu barafu, mwaka ujao bibi zetu. Tutasubiri zamu. Kusubiri tunajua."

Alikuwa akiusema ule wa akina mama. Waliotoka Bukavu wanauita likelemba, Mama Wambui anauita chama, sisi wa Kigoma tunauita mchezo. Refa alikuwa mwanaume pekee ndani yake, ndiye aliyesimamia zamu.

Wote wakaniangalia mimi. Nilishika mikrofoni. Kichwani nikaiona ile karatasi ya tangazo. Nikasema kwa Kiingereza kwamba na sisi tunacheza kamari kila mwezi. Kila mtu anaweka pesa, mmoja anachukua zote. Na tunaomba zamu yetu. Nilisema hivyo. Hiyo ya kwamba hakuna anayepoteza sikuisema, kwa sababu nilipofika hapo nilikuwa nimeshaisahau.

Mama mmoja wa halmashauri aliinama kwenye kipaza sauti chake, akauliza kwa upole kama tuna leseni.

"Refa, wanauliza, una leseni?"

"Ninayo," akasema kwa fahari, akaingiza mkono mfukoni, akainua juu leseni yake ya kuendesha gari, namna ile anavyoinua kadi.

Watu walicheka. Refa naye alicheka, akafikiri wamempenda. Ndiyo siku niliyoliona jina lake, maana alinikabidhi ile leseni nimshikie wakati anafunga koti, na nilikuwa nalisoma na kulisoma ili nisiinue macho.

Baada ya wiki tatu barua ikaja. Maombi yetu yamesimamishwa mpaka kikundi kieleze kamari yake ya kila mwezi isiyo na kibali. Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Kati ya wale akina mama, wengi walikuwa kwenye foleni ya uraia, na ile fomu ina swali la kamari. Hofu haikuhitaji mkalimani. Kwa Jumapili mbili mchezo ukafa. Ambaye ilikuwa zamu yake aliambiwa na mume wake asiipokee. Mama mmoja alichoma daftari la zamu kwenye jiko la umeme, kengele ya moshi ikalia jengo zima.

Mimi na Mama Wambui tulikwenda ofisini kueleza. Njiani ndipo nilipomwambia. Alisimamisha gari pembeni.

"Ungesema chama."

"Ningesema chama wangedhani ni cha siasa."

"Ungesema tunasevu! Tunasevu tu, Mama Neema!" Kisha akaona uso wangu. "Sawa. Nyamaza. Ningekuwa nimekuja."

Nilimwomba asimwambie Refa. Hakumwambia. Mpaka leo ametunza.

Karani wa ofisini alikuwa binti mzuri, alisikiliza yote, aliandika, alituomba radhi kwa mashine yao ya kutafsiri. Lakini saa zetu za Jumamosi zilikuwa zimeshatolewa kwa wengine. Niliwaona. Ni wazee wa Kizungu wanaopiga kimpira chepesi kwa vibao, na magoti yao nayo yanauma, nao majira ya baridi ni marefu kwao. Na ule mfuko ulipopitishwa, fungu la kwanza lilikwenda kutengeneza paa la kiwanja cha barafu. Nilikwenda kuangalia kwa macho yangu kama ni uongo. Paa lilikuwa linavuja kweli, waliweka ndoo. Kwa hiyo huenda tungekosa hata kama ningetafsiri kama malaika. Nimeligeuza jambo hili usiku na mchana na siwezi kulihukumu. Siku nyingine ni mimi, siku nyingine ni paa.

Novemba mama mkwe alisema ametosheka na kochi, akatoka peke yake kwenda kutembea kwenye maegesho ya magari. Alifika gari la tatu. Akaanguka. Ni nyonga. Hapa pia lazima niseme, pengine angeanguka tu, ana miaka mingi. Lakini ilikuwa Jumamosi asubuhi, na alipookotwa alikuwa amevaa vile viatu vya ukumbini.

Juzi mtaalamu wa mazoezi alikuja nyumbani, akasema asitarajie kutembea nje mwaka huu, na alivyosema mwaka huu nilielewa. Mama mkwe alisubiri aondoke, akaniambia, "Mwite Refa aje anihesabie. Hata humu chumbani. Kutoka kitandani mpaka dirishani."

Refa hajaonekana kanisani tangu Desemba. Simu haipokei. Mama Wambui ndiye aliyeniambia, huku akiangalia pembeni: "Nimemwona kwa ile baa. Si na fagio."

Basi leo saa nane mchana nimekwenda. Mume wangu yuko ovataimu kwenye bohari huko Plymouth, nikapanda basi. Sijawahi kuingia baa peke yangu. Kulikuwa na watu watano, runinga inaonesha barafu, na kwenye kibanda cha pembeni mama mmoja mwenye miwani anauza vikaratasi na kufuma soksi. Refa alikuwa amekaa mwisho wa kaunta na kikombe cha kahawa. Pombe hakuwa nayo, niseme wazi. Alikuwa anapasua. Kidirisha kikikataa anakiinua kwa ukingo wa ile kadi ya njano. Vilivyokwisha alikuwa amevipanga kwa mafungu ya kumi na kimoja, kama timu.

"Mama Neema! *Bon.* Kaa. Kwenu wazima?"

"Shikamoo Refa. Wazima kidogo. Wewe unafanya nini hapa?"

"Ninalipia ukumbi."

Nilidhani anatania. Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wapya sheria ya kuotea. Kila kinachopasuka, faida kidogo inakwenda kwa chama; chama kinatoa sehemu kwa mji; mji unaweka mfukoni; mfuko unawasha taa za ukumbi. "Kikaratasi kimoja, dakika moja ya taa. Labda nusu dakika. Sikupata mtu wa kunipigia hesabu."

"Taa zenyewe zinawaka kwa ajili ya watu wengine."

"Taa ni taa."

"Na ukishinda?"

"Nilishinda mara moja. Nikarudisha." Akapasua kingine. Hakuiangalia picha. Hapo niliogopa, kisha nikajiuliza naogopa nini, maana anayeiangalia picha ndiye mcheza kamari, na huyu haangalii. Lakini mikono yake ilikuwa na haraka. Refa hakuwa na haraka maisha yake yote.

"Ulikuwa unachana karata za watu, Refa."

"Na nikazilipa."

Mama wa miwani alicheka bila kuelewa, kwa kuona tu nyuso zetu. Nikaona nisiposema leo sitasema tena.

"Refa, siku ile kwenye kikao. Ulisema mchezo, mimi nikasema kamari. Ni mimi. Barua ile ni mimi."

Hakuacha kupasua. "Nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Neno lenyewe. Mama Neema, Kiingereza sijui, lakini hilo ninalijua." Akaonesha kwa kadi, juu ya kibanda, kibao cha leseni chenye maandishi makubwa. "Kila asubuhi nilikuwa nalifuta vumbi. Herufi kwa herufi."

Nikakaa. Nilikuwa bado nimesimama na sikujua.

"Sasa kwa nini hukunisimamisha? Kwa nini ulicheka?"

Aliweka kadi chini. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, kama mtu anayesukuma mlango.

"Ulikuwa umeshika ile mikrofoni kama mtoto aliyepewa glasi. Nikasema mpira bado uko mguuni kwake. Nikikatiza ataanguka. Acha aende, atafika."

"Sikufika."

"Hukufika." Hakuilainisha. "Sekunde zangu tatu nilizihesabu. Moja, mbili, tatu. Nikaziacha zipite. Hilo si lako, ni langu. Usiniibie."

Nilitaka kulia lakini yule mama wa soksi alikuwa anatuangalia. Nilimweleza habari ya nyonga, kwamba mama mkwe anamwita amhesabie kutoka kitandani mpaka dirishani. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akachagua kikaratasi kimoja kwenye fungu ambalo halijapasuliwa, akakisukuma mbele yangu.

"Pasua."

"Mimi sichezi."

"Si kucheza. Umwashie."

Nimepasua. Naandika hivi ili nisije nikajificha siku moja. Kengele, kengele, limau. Refa alikichukua, akakiweka kwenye timu yake, akasema, "Asante. Huyo ameshafika dirishani." Halafu akaokota kadi yake, akaendelea.

Nilipoinuka nikamuuliza, "Utakuja lini?"

"Jumamosi. Mwambie Jumamosi asubuhi, avae viatu."

"Leo ndiyo Jumamosi, Refa."

Aliangalia dirisha, lile jua la uongo juu ya theluji. Midomo yake ilisogea, nikafikiri atasema lile neno ambalo sijawahi kulisikia kwake. "Basi ijayo," alisema.

Sijui kama ni ugonjwa au ni sadaka. Mchungaji atasema ni ugonjwa. Mimi nimekaa kwenye basi nikijaribu kuwa mwadilifu nikashindwa, kwa sababu kila nikimhukumu naona ile mikono miwili imenyooshwa mbele yangu, na kila nikimwachilia naona yale mafungu.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na sombe ya jana, yale majani ya muhogo, na dagaa ambao mume wangu alipitia kununua mtaa wa Phillips. Neema alitaka pitsa, akasema hivyo kwa Kiingereza, baba yake akamjibu kwamba kuna upepo. Mama mkwe hawezi kukaa mezani, nimemlisha uji wa mtama kitandani. Aliniuliza Refa kasemaje. Nikamwambia anakuja Jumamosi asubuhi. Alimaliza bakuli zima, kwa mara ya kwanza tangu Novemba, kisha akaniomba nimsogezee viatu.